Namba 417, Salama

Fundi alikuwa na kanuni moja gerezani: asimwambie mtu hali yake. Aliishika kwa miaka saba na ushei bila kuteleza, kwa uaminifu ambao watu huru wengi hawaupi hata viapo vyao vya ndoa. Ukimuuliza anaendeleaje, alisema "salama" na kurudi kwenye chuma chake. Jino lilipomvimbisha shavu mpaka jicho likafumba, alikuwa salama. Mkewe alipoleta karatasi za talaka mwaka wa tatu, alizisaini kwa mkono ulionyooka, akamrudishia askari kalamu, akasema "salama" ingawa hakuna aliyemuuliza.

Tusimpambe. Mtu huyu aliua. Alikuwa na karakana ya kuchomelea milango na madirisha kando ya barabara, na ukuta kwa ukuta naye alikuwepo seremala. Kwa miaka sita walikunywa chai ya asubuhi pamoja. Siku moja seremala alishusha mbao zikaziba njia ya fundi, maneno yakaanza, na fundi akampiga kichwani kwa bomba la chuma. Mara moja tu. Seremala alienda kwake kwa miguu yake mwenyewe, akaomba maji, akaomba tena maji, na siku ya tatu akafa hospitalini. Alimwacha mke. Mahakama ilisema ni kuua bila kukusudia, ikatoa miaka kumi na miwili. Fundi alistahili kufungwa, na yeye mwenyewe hakuwahi kudai vinginevyo. Habari hii inahusu alichoufanyia moyo wake baada ya hapo.

Gereza lile lilihesabu watu mara tatu kwa siku. Asubuhi wafungwa wa kila bweni walichuchumaa uwanjani watano watano, na zamu ya mtu ilipofika alisimama, akataja namba yake, akasema "salama", akachuchumaa tena. Aliyekuwa anaumwa alitakiwa kusema "mgonjwa". Hapo hesabu ilisimama. Daftari lilifuatwa ofisini, mgonjwa akahojiwa mbele ya wote, na watu zaidi ya mia mbili wakabaki wamechuchumaa mpaka jambo lake liishe, huku chai ikipoa jikoni. Kwa hiyo utaratibu uliowekwa ili wagonjwa wajulikane ndio uliowafanya wajifiche. Hakuna aliyekusudia hivyo, lakini kila mkuu wa gereza aliyepita pale aliukuta na kuuacha ulivyo.

Mwezi wa nne wa kifungo chake, fundi alisimama akasema, "Mia nne kumi na saba, mgonjwa."

Daftari likaletwa. "Unaumwa nini wewe?"

"Silali, afande. Leo siku ya kumi na moja."

"Hulali kwa nini? Godoro limekukosea?"

Watu wakacheka.

"Nikifumba macho namwona anaomba maji."

"Nani?"

"Niliyempiga."

Askari alilitazama daftari. Palikuwa na mahali pa kuandika homa, mahali pa tumbo, mahali pa majeraha. Aligeuza ukurasa, akaurudisha. "Hiyo sina pa kuiandika," alisema, wala hakuwa na ubaya. "Kaa chini."

Chai iliyofika siku hiyo ilikuwa ya baridi. Mchana mtu alimwaga konzi ya chumvi kwenye bakuli la fundi la maharage. Jioni, kabla ya milango kufungwa, nyapara alimwita. Nyapara ni mfungwa anayekabidhiwa kusimamia wenzake, na huyu alikuwa mzee waliyemwita Babu Kufuli kwa sababu hakuna siri iliyowahi kutoka kinywani mwake.

"Kaa hapa, mwanangu. Unajua watu mia mbili wamekunywa chai ya baridi kwa ajili yako?"

"Nisamehe, babu."

"Mimi sina neno. Meno yenyewe sina, ya baridi inanifaa. Nakuambia kwa faida yako. Humu ukiulizwa hali, sema salama. Salama haina mjadala. Ukianza kueleza utaeleza mpaka lini? Una miaka kumi na miwili."

"Na nikimwona tena?"

"Mwone. Lakini mwone ukiwa umefunga mdomo."

Babu Kufuli alimtakia mema. Alikuwa amekaa humo miaka ishirini na mitatu na alimpa kijana wake kile kilichomweka yeye hai. Hilo halifanyi ushauri ule kuwa mzuri.

Fundi alifunga mdomo. Mwanzoni ilimbidi ajitahidi. Alipangiwa karakana ya vyuma, walikotengeneza vitanda vya mabweni na madawati ya shule, na kule kulikuwa na kofia ya kuchomelea, ile inayofunika uso mzima na kuacha kioo cheusi cha kutazamia. Chini yake alilia miezi mingi bila mtu kujua. Aliinua kofia, akajifuta kwa kiganja cha glavu, watu wakadhani ni jasho. Mwaka wa pili machozi yalipungua. Mwaka wa tatu hayakuja tena, na seremala naye akaacha kuomba maji. Fundi akawa analala vizuri, kwenye kitanda alichokitengeneza mwenyewe. Akadhani amepona.

Vitu vingine viliondoka pamoja na seremala, ila hakuviona vikiondoka. Hakuonja tofauti kati ya chai yenye sukari na isiyo nayo. Hakukumbuka sauti ya mkewe. Dada yake, aliyekuja kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, alimletea picha ya mtoto wake wa kwanza, akaibandika kwenye wavu wa chumba cha wageni.

"Mjomba, mwone mpwa wako!"

Fundi aliitazama. "Ana masikio," alisema.

Dada yake alingoja aendelee. Hakuendelea. Akaitoa ile picha kwenye wavu, akairudisha mfukoni.

Mwaka wa saba dada alikuja na habari nyingine. Mama yao macho yalikuwa yameisha, alibaki kuona kama mtu anayetazama kupitia mfuko wa nailoni. Miguu imevimba, hawezi kupanda gari. Daktari alisema moyo umechoka.

"Anakuulizia kila siku, kaka. Anasema hata kama hakuoni, anataka akushike uso. Ndicho anachongoja. Nisikufiche."

Fundi akasema, "Nitakuja."

Dada alishtuka. Kwa miaka saba kaka yake hakuwa ameahidi kitu.

Njia ya kwenda ilikuwepo. Mfungwa wa kosa kama lake, akishamaliza zaidi ya nusu ya kifungo bila doa, aliweza kupelekwa mbele ya bodi, na bodi ikiridhika, miaka iliyobaki aliimalizia nyumbani chini ya uangalizi. Fundi hakuwa na doa hata moja. Hakupigana, hakuiba, hakumjibu askari. Karatasi zake zilikuwa safi kama za mtu ambaye hayupo. Kilichobaki ni taarifa ya ofisa ustawi, mama mfupi aliyevaa miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, ambaye alihudumia magereza mawili akiwa na meza moja.

"Kaa, fundi. Nina fomu zako hapa za miaka saba. Kila miezi mitatu nimekuuliza una tatizo gani, na kila miezi mitatu nimeandika 'hana'. Nimehesabu. Ziko ishirini na saba. Bodi ikizisoma itafikiri nilikuwa nahoji kitanda."

"Sina tatizo, mama."

"Na marehemu? Humfikirii?"

"Ni zamani."

"Kwa mkewe si zamani. Atakuja siku hiyo, nimezungumza naye. Hataki kupiga kelele. Kaniambia hivi: nataka nimsikie tu. Akisema neno la kibinadamu, mimi sitampinga. Unanielewa? Mlango umeachwa wazi, na aliyeuacha wazi ni yeye."

"Nitamwambia nini?"

"Kilicho ndani yako."

"Ndani hakuna kitu, mama."

Hilo ndilo neno la kweli kuliko yote aliyomwambia kwa miaka saba. Ofisa ustawi aliinua kalamu, nusura aliandike. Lakini nje ya mlango walikuwa wamepanga foleni watu kumi na wanne, na askari alikuwa ameshachungulia mara mbili. Akaishusha kalamu. "Basi kakitafute," alisema. "Una wiki tatu."

Bwenini, habari za bodi zilimfurahisha zaidi Kinyozi, jirani wa kitanda cha juu, aliyefungwa kwa kuiba pikipiki na ambaye ulimi wake haukujua kupumzika. Alipindua ndoo akaikalia, akajitupia taulo mabegani kama joho.

"Mfungwa! Simama. Umesimama? Simama zaidi. Unajuta?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Ndiyo gani hiyo? Umeagiza soda? Juta vizuri!"

Bweni zima likacheka.

"Najuta, mheshimiwa."

"Bwana Salama, hata bomba linalovuja lina huruma kukushinda. Sikiliza. Jikoni nina mtu. Nikuletee kipande cha kitunguu, kidogo tu, unakificha kwenye ukucha. Ukiulizwa, unajikuna jicho. Mwaka juzi Mrefu alifanya hivyo hivyo, leo yuko kwake anawapigia watoto kelele."

"Sitaki."

"Kwa nini? Machozi ni machozi, ndugu yangu. Nani atayanusa?"

"Nimemuua mume wa mtu. Nikamlilie kwa kitunguu?"

Kinyozi akaondoa taulo mabegani. Hakutania tena jioni ile.

Hapo fundi alikuwa na haki, na ni vyema isemwe. Machozi ya bandia mbele ya mjane ni kumuua mumewe mara ya pili. Lakini mtu anayekataa ya bandia lazima awe na ya kweli, na yeye ya kweli aliyakausha kwa mkono wake mwenyewe, siku baada ya siku, akajipongeza kwa usingizi.

Hata hivyo alitafuta. Kwa wiki tatu, chini ya ile kofia, alipekua kama mtu anayepekua sanduku la nguo za zamani. Siku mbili kabla ya bodi alipata kitu. Seremala alikuwa na tabia ya kuchomeka penseli mbili nyuma ya sikio. Kila asubuhi fundi alimwomba moja ya kupimia vyuma, na kila jioni alisahau kuirudisha, na kesho yake seremala alikuja na mbili tena, hakuuliza. Siku fundi alipokamatwa, askari walipotoa vitu vya mfukoni mwake mezani, penseli ya seremala ilikuwemo. Alipoikumbuka hakulia. Lakini mkono ulisita, na mshono aliokuwa akiuchomelea kitandani ukaenda upande. Akaamua atamwambia mjane habari ya penseli. Aliyapanga maneno. Aliyarudia hata kwenye foleni ya bafu.

Bodi ilikaa katika chumba cha mikutano cha mkuu wa gereza. Palikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cha kijani, watu watano nyuma yake, kila mmoja na chupa ya maji, na feni iliyokuwa ikigonga kitu kila ikizunguka. Ofisa ustawi alikaa pembeni na faili. Mwisho wa meza alikaa mjane. Fundi alimtambua kwa namna alivyokaa, kwa sababu uso ulikuwa umezeeka kuliko miaka saba. Alipakata mkoba wake kwa mikono miwili.

"Mia nne kumi na saba!" askari wa mlangoni aliita, kwa sauti ile ile ya uwanjani.

Fundi aliingia, akasimama kwenye alama ya chaki. Mwenyekiti, mzee mpole wa sauti ndogo, alimuuliza kazi yake, akajibu. Akamuuliza nani atampokea nyumbani, akajibu. Yote yalienda vizuri. Kisha mwenyekiti akaweka kalamu chini, akamtazama mjane, akamtazama fundi.

"Sasa, ukimkumbuka marehemu, hali yako ikoje?"

Visigino vya fundi vilikutana. Mikono ilienda nyuma, kidevu kikapanda.

"Mia nne kumi na saba, salama, afande."

Na kwa sababu hesabu ikishajibiwa mtu huchuchumaa, alichuchumaa. Hakuamua. Magoti yaliamua. Alikuwa chini, mbele ya kitambaa cha kijani, kabla hajajua kilichotokea.

Mjumbe mmoja alicheka kwa bahati mbaya, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Ofisa ustawi alikuwa ameshasimama. "Fundi, inuka. Sema ulichotaka kusema. Sema basi!"

Fundi alimtazama kutoka chini. Penseli ilikuwa hapo, maneno yote yalikuwa hapo, lakini yalikuwa upande wa pili wa neno lile alilokwisha kulisema, na kwa miaka saba hakuwahi kusema kitu baada ya neno lile.

"Nimeshajibu, mama," alisema.

Mjane aliinuka taratibu, akaweka mkanda wa mkoba begani.

"Mimi sikuja kugombana na mtu," aliiambia meza. "Nilitaka kumsikia. Nimemsikia. Kama yeye yuko salama, naomba niende nyumbani."

Jibu la bodi lilikuwa la ukurasa mmoja. Mfungwa haonyeshi majuto. Maombi yaletwe tena baada ya miaka miwili.

Jumapili ya kwanza ya mwezi dada alikuja na nguo za kiraia alizozifua na kuzipiga pasi. Alipoambiwa, aliegemeza paji la uso kwenye wavu.

"Uliwaambia nini, kaka?"

"Salama."

"Ulisema salama?"

"Ndiyo."

"Mama nikamwambie nini?"

Fundi alifikiri. "Mwambie miaka miwili."

Mama yao alifariki mwezi wa kumi baada ya hapo. Askari aliyeleta habari karakana alimkuta fundi akichomelea mguu wa kitanda, akamgusa bega, akamwambia. Kisha, kwa kukosa la kusema, akaongeza, "Malizia hicho, halafu uje ofisini." Fundi alimalizia. Aligonga gamba la mshono kwa nyundo, akaukagua, ukawa umenyooka. Gereza lile halikuruhusu mfungwa kwenda kuzika, na hakuomba.

Kesho yake asubuhi, zamu yake ilipofika, alisimama akataja namba, akanyamaza. Safu zikangoja.

"Mia nne kumi na saba nini?" askari aliuliza.

"Mgonjwa, afande."

Daftari likafuatwa. Lilikuwa jipya, lakini lenye mahali pale pale: homa, tumbo, majeraha.

"Unaumwa nini?"

"Mama yangu amekufa jana, na sihisi kitu."

Askari, mtu mzima mwenye mvi, alitafuta pa kuandika akakosa. Watu mia mbili walikuwa wamechuchumaa. Mmoja akaguna, mwingine akasema chai inapoa. Ndipo sauti ya Kinyozi ikatoka safu ya nyuma: "Acha ipoe! Nani alikufa kwa chai ya baridi?" Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyeguna tena. Babu Kufuli hakuwepo kutoa ushauri. Mwaka uliotangulia alikuwa ametolewa kwa mlango wa nyuma, wanakopitishwa wanaofia ndani. Askari alichukua kalamu akaandika pembeni mwa ukurasa, kwa wima, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi.

Tangu siku ile ofisa ustawi alimwita kila Alhamisi kwa nusu saa, na alimfungia mlango askari wa kuchungulia. Wiki za kwanza fundi alikaa akitazama miguu ya meza. Alichosema ni kwamba mshono wa mguu mmoja ni mbovu, meza itaanguka. Mwezi wa pili alisema habari ya chai ya baridi. Mwezi wa tano alisema habari ya penseli. Baadaye akasema habari ya maji, na usiku wake hakulala, na asubuhi akasimama uwanjani akasema hivyo. Haikuwa kazi ya kufurahisha, wala haikumrudishia ladha ya sukari.

Mbele ya bodi ya pili alisimama mpaka mwisho. Alisema alimpiga jirani yake kwa sababu ya mbao, alitaja jina la marehemu, alieleza penseli mbili, na kwamba moja iko bado kwenye bahasha ya vitu vyake stoo. Aliyasema yote kwa sauti kavu, bila chozi, na mzee mwenyekiti aliyaandika. Kiti cha mwisho wa meza kilikuwa kitupu. Mjane alipopigiwa simu alijibu kwamba alishakuja mara moja, na hana haja tena ya kusikia chochote.

Fundi aliachiwa mwezi ule ule, mwaka wa tisa. Dada yake alimpokea, akampa chumba cha mama.

Kanuni yake ilimpa usingizi. Ilimgharimu miaka miwili zaidi ya kifungo, na mama yake alikufa bila kumshika uso. Mjane wa seremala hajasikia habari ya penseli mpaka leo.